Kuuliza Kabla ya Kushauri

Mwanafunzi wa kilimo au sayansi anayekwenda kujifunza kwa vitendo katika boma la Wamaasai hukuta maziwa yakihifadhiwa katika vibuyu vilivyofukizwa moshi, aghalabu bila kuchemshwa. Maziwa mabichi huweza kuambukiza bruselosi, ugonjwa uletao homa ya muda mrefu na maumivu ya viungo. Hata hivyo, kuamrisha hakutoshi. Aulize kwanza: kibuyu hufukizwa kwa nini, na nani msimamizi wa maziwa? Kwa desturi ni mama wa nyumba. Amweleze kwa heshima kwamba moshi hutia ladha na kusaidia kuhifadhi, lakini kinachoua vimelea hivyo ni kuchemsha. Maziwa yakichemshwa na kupoa, yaweza kutiwa katika kibuyu kilichosafishwa na kufukizwa. Ushauri wa namna hiyo hulinda afya bila kudharau mila.