Dondoo muhimu: Kuboresha huduma kwa mtindo wa Wales

Wales ina halmashauri 22. Sheria ya ustawi wa vizazi vijavyo ya 2015 inazitaka zitazame mbali, zizuie matatizo mapema, zishirikiane na ziwashirikishe wananchi. Mtumishi wa umma popote alipo anaweza kuchota haya:

• Anza kidogo. Kampeni ya Maisha 1000, iliyozinduliwa 2008, iliwahimiza wahudumu wa afya kujaribu badiliko kwenye wodi moja, zamu moja, hata kwa mgonjwa mmoja. Andika unachotarajia, angalia kinachotokea, rekebisha, ndipo uende wodi ya pili. Anayeanza na waraka wa hospitali nzima huchelewa kugundua kosa.

• Kaeni meza moja. Bodi za huduma za umma huwakutanisha halmashauri, afya, zimamoto na wasimamizi wa maliasili. Mzee akianguka nyumbani kwake, suala si la hospitali peke yake.

• Mwalikeni pia aliyeshindwa. Ofisi ya Ukaguzi ya Wales, licha ya kukagua hesabu, huandaa semina za kubadilishana uzoefu; kosa la mmoja ni somo kwa wengine.

• Kabla kikao hakijavunjika, andikeni nani atafanya nini, na lini.