Nani Aamue? Somo la Uongozi kutoka Vijiji vya Iringa

Watu wengi hudhani kwamba uongozi kazini ni kipaji cha kuzaliwa nacho, wala hauwezi kupimwa. Dhana hiyo si sahihi. Njia ya kufikia uamuzi yaweza kuchunguzwa kama tunavyochunguza rutuba ya udongo.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia nyama ilipungua nchini Marekani. Mtaalamu Kurt Lewin alitaka kujua jinsi ya kuwashawishi akina mama wapike moyo na figo, vyakula ambavyo wengi hawakuvipenda. Makundi matatu yalihutubiwa. Mengine matatu yalijadili shida yenyewe, kisha kila mama akaamua mbele ya wenzake. Baadaye iligunduliwa kwamba miongoni mwa waliohutubiwa ni asilimia 3 tu waliopika nyama wasiyopata kuipika kabla. Miongoni mwa walioshiriki kuamua, ni asilimia 32.

Sasa tuje kwetu. Mbeya na Iringa, pamoja na Ruvuma na Rukwa, zilisifika kuwa ghala la mahindi la taifa. Hata hivyo, mwaka 1984 zaidi ya nusu ya watoto wadogo waliopimwa katika vijiji 168 vya Mkoa wa Iringa walikuwa na uzito pungufu. Ghala lilijaa, na mtoto alikonda!

Mpango wa lishe wa Serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani haukutegemea hotuba peke yake. Kila baada ya miezi mitatu watoto walipimwa uzito kijijini, na matokeo yakapelekwa mbele ya viongozi wa kijiji. Hatua zilikuwa tatu: kupima hali, kuchambua sababu, kisha kutenda, halafu kupima tena. Ilidhihirika kwamba mama alielemewa na kazi, na mtoto alilishwa mara chache mno kwa siku. Kufikia mwaka 1988 uzito pungufu ulishuka kutoka kama asilimia 56 hadi 38.

Hapa ndipo maadili yanapoingia. Kiongozi aliyeletewa takwimu za aibu alikuwa na njia tatu: kuzificha, kumlaumu mama, au kuuliza kijiji kizima kimefanya nini. Mtoto hana kura mkutanoni. Dhamana yake i mikononi mwa wanaoamua.

Hata hivyo, mwanasayansi hapaswi kushangilia upesi. Iringa ilipata pia huduma za afya na mafunzo. Haifai kusema kwamba mikutano pekee ndiyo iliyoleta nafuu.

Zoezi: Katika jaribio la Lewin, walioamua waliambiwa mapema kwamba watafuatwa kuulizwa, waliohutubiwa hawakuambiwa. Je, kasoro hiyo inaathirije matokeo? Pangeni jaribio lililo bora zaidi, kwa mfano kuhusu utoro shuleni kwenu. Nawe, ndugu mwalimu, kabla ya kutoa amri, wape wanafunzi takwimu zenyewe.