Ndege Waliojenga Ukutani

Katika nyumba za mawe za Mombasa na Lamu, chokaa ikibambuka penye vichwa vya boriti hufunguka matundu, na jurawa huyafanya maskani yao. Mwenye nyumba ana haki ya kuyaziba, kwani uchafu na makelele ni maudhi. Swali letu ni hili: ayazibe lini?

Amepokea Abu Daud kwa Ibn Masud ya kwamba Masahaba, wakiwa safarini, walitwaa makinda wawili wa ndege mdogo, mama yao akaja akipapatika. Mtume (s.a.w.) akaamrisha arejezewe watoto wake. Basi vipi sisi tumfungie mama nje, na makinda wafe ndani kwa njaa?

Jurawa huatamia mayai siku 11 hata 14, na makinda huruka baada ya kama wiki mbili nyingine. Jumla ni kama mwezi mmoja. (Mpangaji asiyelipa kodi hungojewa zaidi ya hapo!) Twaona yapasa kungoja, kisha kuwahi, maana jurawa hutaga tena upesi. Wakisha kuruka, utazame ndani kwa taa, utoe majani, uzibe kwa chokaa na mchanga siku ile ile. Na tundu ambalo ndio kwanza laletewa nyasi, hilo lizibwe leo.

Ukuta ukiwa wataka kuanguka, hapana kungoja. Kiota kihamishwe kizima katika kikapu, kitundikwe karibu na tundu. Wasemao kwamba kinda akiguswa na mtu mamake humsusa wamekosea. Aghalabu huifuata sauti yake akaja kumlisha.