Ukurasa Mmoja kwa Siku: Zoezi la Uaminifu



Vijana wenzangu, siku hizi tunapenda kujiwekea changamoto: siku 30 za Rozari, siku 30 bila soda, siku 30 za kuandika. Leo tujifunze juu ya hii ya mwisho. Oktoba iliyopita, nikiwa kwenye mwaka wa uchungaji, mara Kasulu mara Kibondo, niliandika ukurasa mmoja kila siku, siku zote 31.

1. Si jambo geni kwetu

Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie huko Algiers mwaka 1868, walifika Ujiji mwaka 1879. Lavigerie aliwaagiza kila kituo cha misioni kiwe na shajara, iandikwe siku kwa siku: nani kafika, nani kaugua, nini kimetokea. Hakuna aliyesubiri ajisikie kuandika. Ulikuwa wajibu, kama sala za jioni. Na leo wanahistoria wanazitegemea kurasa hizo kujua maisha ya wakati ule.

2. Mazoea hujenga mtu

Aristotle anafundisha kwamba fadhila haizaliwi nasi. Tunaipata kwa kutenda, kama mjenzi anavyojua kujenga kwa kujenga. Kuandika ni hivyohivyo. Siku ya tatu unaandika kwa hamu. Siku ya kumi na mbili umerudi kutoka kigangoni, miguu imejaa vumbi, umeme hakuna, na bado kuna ukurasa. Hapo ndipo zoezi linapoanza. Bwana anasema aliye mwaminifu katika dogo huwa mwaminifu na katika kubwa (taz. Lk 16:10).

Mtakatifu Yohane XXIII alianza kuandika hali ya roho yake mwaka 1895, akiwa mseminari kijana huko Bergamo, Italia. Aliendelea akiwa padre, askofu, hata Papa. Maandishi hayo yalichapishwa mwaka 1964, baada ya kifo chake. Miaka yote hiyo yalimsaidia kujitazama mbele ya Mungu.

3. Hatari yake

Ukiandika kila siku, ya kwako yanaisha haraka. Unakuta macho yanahamia kwa jirani. Na huku kwetu jirani ana habari nzito. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, imepokea Wakongo tangu 1996, baadaye na Warundi; Nduta iko Kibondo. Jioni moja mama mmoja mkimbizi alinisimulia kwa nini alikimbia kwao na nani alibaki nyuma. Ukweli ni kwamba habari ile ingegusa watu wengi. Lakini jina la kijiji tu, au la ndugu aliyebaki, laweza kumletea mtu madhara. Halafu, yeye alikuwa anamwambia mtu, hakuwa anaiambia dunia.

Usiku ule ukurasa wangu ulikuwa na mistari minne: kwamba nilikaa, nilisikiliza, sikuwa na jibu, nikamwombea. Basi. Mama Maria aliyaweka mambo mengi moyoni akiyatafakari (taz. Lk 2:19). Kumbe kunyamaza nako ni sehemu ya kuandika.

4. Ukitaka kuanza

- Chagua saa moja isiyobadilika. Mimi nilichagua baada ya kutafuta dhamiri jioni, maana siku nzima imeshapita mbele ya Mungu.
- Weka kipimo kidogo: nusu ukurasa unatosha. Daftari la shule linafaa kabisa.
- Andika jambo moja uliloliona kweli. Usihubiri kila siku.
- Kabla ya kumwonyesha mtu yeyote, jiulize: hii habari ni yangu? Kama ni ya mwingine, ameniruhusu? Na hata akiruhusu, itamwacha salama?
- Ukiruka siku, endelea kesho. Usilipe madeni ya kurasa.

Maswali ya kutafakari

Je, ninaandika ili nionekane, au ili nione? Ni habari ya nani ambayo nimekabidhiwa, na ninaitunzaje?

Tusali

Ee Bwana, utujalie mkono usiochoka, jicho linaloona madogo, na kinywa kinachojua kutunza siri za wadogo wako. Amina.