Mkazo katika Vitendo vya Kiswahili

Likizo iliyopita babu, ambaye macho yake yamefifia, alinipa barua nimsomee. Iliandikwa: "Safari ilikwenda barabara." Nikasoma ba-ra-BA-ra. Babu akauliza, "Barabara ipi, mjukuu wangu?" Nikaona haya, maana ilitakiwa ba-RA-ba-ra, yaani sawasawa.

Neno hilo ni la pekee. Maneno mengi yana kanuni moja: mkazo hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Tazameni kitendo cha wapagazi waliopita hapa Tabora katika karne ya 19, katika njia ya Bagamoyo hadi Ujiji: BE-ba, be-BE-a, be-be-A-na. Silabi ikiongezwa nyuma, mkazo nao husogea nyuma.

Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, lakini m na n huweza kusimama peke yake: M-tu, N-chi.

Sasa, kwa nini twasema "anakula" wala si "anala"? Kwa sababu "na" ya wakati haiwezi kubeba mkazo. Basi "ku" hubaki iubebe: a-na-KU-la. Lakini tukisema "simba anamla mbuzi", m hupokea mzigo na "ku" huenda zake: a-na-M-la. Na katika "hali", yaani hataki kula au hana desturi ya kula, "ha" yatosha kuubeba: HA-li.

Wenzangu, mkipewa barua ya mzee, hesabuni silabi kutoka nyuma kabla ya kufungua kinywa. Yeye haoni maandishi. Husikia sauti zenu tu.