SOMO: ALAMA YA KAMPUNI YA UJENZI



Leo tutazungumza juu ya alama, yaani ile picha au zile herufi ambazo kampuni huzichora juu ya kibao chake, gari lake na karatasi zake. Wengine huiita nembo. Huenda mwenzetu wa kiwanda cha chai au wa shamba la miwa akauliza: "Hayo yanatuhusu nini? Si mambo ya wenye mali?" Tunamwomba asome mpaka mwisho.

JAMBO LILILOTUFUNDISHA

Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa mahali palipokuwa pakijengwa nyumba ya ghorofa hapa Uganda. Kibarua mmoja alikuwa ameanguka kutoka juu ya jukwaa akavunjika nyonga. Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ya mwaka 2000 inasema kuwa mtu akiumia kazini, mwajiri ndiye anayelipa. Basi tukauliza: mwajiri ni nani?

Msimamizi alisema yeye pia ni mtu wa kuajiriwa. Aliyeleta saruji alisema kazi yake ni kuleta saruji tu. Lori halikuwa na jina. Kibao hakikuwapo. Vibarua walikuwa wakilipwa mkononi kila jioni, bila karatasi. Tulizunguka miezi minne, ofisi hii mpaka ile. Mwishowe mwenzetu alirudi kwao kwa magongo, na nauli alichangiwa na vibarua wenzake.

Tangu siku hiyo tunasema hivi: alama si pambo. Alama ni jina la mtu atakayejibu jambo likiharibika. Asiyetaka kuandika jina lake amekwisha kujiwekea mlango wa nyuma wa kutokea.

MAFUNDI KUMI NA WAWILI

Baadaye wakatujia mafundi kumi na wawili: waashi, maseremala na wapaka rangi. Walikuwa wakitengeneza nyumba za wafanyakazi katika shamba moja kubwa, wakapunguzwa kazi. Walikusanya malipo yao ya kuachishwa wakaanzisha kampuni yao wenyewe. Walisema: "Ndugu zetu wa chama, tusaidieni kupata nembo, maana tunaomba kazi ya kujenga madarasa."

Sisi si wachoraji. Lakini tulikaa nao Jumapili tatu, na hapa tunaeleza tuliyojifunza, pamoja na makosa yetu.

Kosa la kwanza lilikuwa la tamaa. Kila mmoja alitaka kazi yake ionekane. Tulichora nyumba, mwiko, nyundo, brashi, mikono miwili ikishikana, na jua likichomoza nyuma ya mlima. Ilipendeza sana juu ya karatasi kubwa. Tukaipeleka kwa mtengeneza mihuri ya mpira. Mhuri ulipogongwa, tukaona doa jeusi, kama mtu aliyemwaga wino. Fedha ya mhuri ikapotea. Hapo ndipo tukaanza kufikiri.

KANUNI TANO

1. Alama iseme jambo moja. Mwaka 1925, katika mji wa Vienna, nchi ya Austria, mtaalamu aitwaye Otto Neurath alianzisha jumba la maonyesho la kuwafundisha wafanyakazi hesabu za nchi yao kwa picha. Mchoraji Gerd Arntz alimchorea alama kwa maelfu: mtu, nyumba, gunia, mashine. Njia yao ilikuwa kuondoa kila kitu ambacho macho hayakihitaji, hata asiyejua kusoma aelewe. Nasi tuliwaambia mafundi wetu waondoe. Waliondoa jua, wakaondoa mlima, wakaondoa mikono. Ndipo fundi mmoja mzee akatoa timazi mfukoni, akaining'iniza mbele yetu. Uzi na uzito chini yake, basi. "Hii haimpendelei mwashi wala seremala," alisema. "Wote tunaitii." Timazi ikawa alama yao, na chini yake herufi tatu za jina la kampuni.

2. Ionekane ikiwa kubwa na ikiwa ndogo. Ichore kwa ukubwa wa sarafu, kisha ichore juu ya ubao, ukaitazame kwa mbali wa hatua hamsini. Pia mwonyeshe mtoto mara moja, uifiche, umwambie aichore mchangani kwa kijiti. Akiweza, alama yako ni nzuri. Akishindwa, kosa si la mtoto.

3. Isimame kwa rangi moja. Alama ya mjenzi haikai ofisini. Hupakwa juu ya toroli, ndoo, kofia ngumu na mlango wa lori. Njia rahisi ni kuikata katika bati jembamba au karatasi ngumu, kisha kupitisha brashi juu ya tundu. Angalia herufi kama O na A: ukizikata zote, katikati yake huanguka. Lazima uache vipande vidogo vya kushikilia, kama madaraja.

Juu ya rangi yenyewe tulibishana sana. Kampuni ya Caterpillar ya Marekani iliacha rangi ya kijivu mwaka 1931 ikachukua ya njano, ili mitambo yake ionekane vizuri barabarani. Mafundi wetu wakataka njano. Lakini hapa Uganda njano ina chama chake cha siasa, nyekundu ina chake, buluu ina chake, na kijani ina chake. Ukijipaka mojawapo, nusu ya wateja watadhani unaomba kura. Tena nyekundu hupotea katika vumbi la udongo wetu. Wakachagua nyeusi juu ya nyeupe. Rangi hizo hazikosekani mahali pa ujenzi, na zikichakaa hupakwa tena kwa gharama ndogo.

4. Isiwe ya mwingine. Msichukue alama za taifa, kama ngao ya nchi na yule korongo wake, bila kibali, sheria inakataza. Wala msichukue msalaba mwekundu juu ya nyeupe, maana unalindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949. Tena msiige alama ya kampuni iliyo maarufu. Kumbukeni pia kwamba kusajili jina la kampuni si sawa na kusajili alama. Alama husajiliwa peke yake, katika ofisi ya usajili ya serikali iitwayo URSB, chini ya Sheria ya Alama za Biashara ya 2010. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha unaweza kuongezwa kwa miaka 10. Ulizeni kwanza kama kuna mwingine aliyewatangulia, kabla ya kununua rangi.

5. Iwe ile ile siku zote. Kwa majirani zetu wa Tanzania, saruji ya Wazo Hill inajulikana kwa Twiga, ya Tanga kwa Simba, na ya Mbeya kwa Tembo. Hata asiyesoma huijua kwa kuona mnyama juu ya mfuko. Imani hiyo haipatikani kwa kubadilisha picha kila mwaka. Wekeni mchoro mmoja wa asili katika faili, na vipimo vyake, na kila mpaka rangi aufuate huo.

ALAMA IWEKWE WAPI?

Hapa ndipo palipokuwa na ugomvi wa kweli. Mafundi walikubali kibao, toroli na kofia bila neno. Sisi tukasema: "Mahali pa kwanza ni karatasi ya mshahara ya kila kibarua mtakayemwajiri." Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mfanyakazi haki ya kupewa maelezo ya malipo yake kwa maandishi. Kukawa kimya. Kisha mmoja wao akasema: "Ndugu, mhuri wetu ukiwa juu ya karatasi ile, tumejifunga. Kibarua akiumia, atatujia sisi."

Ndugu wasomaji, huyo hakuwa mtu mbaya. Jana alikuwa mfanyakazi kama wewe. Lakini alikuwa amekwisha kuanza kuona mambo kwa macho ya mwajiri. Yule fundi mzee akamjibu: "Mwanangu, kama hutaki kufungwa na alama yako, kwa nini umeichora?"

Walipiga kura. Saba walikubali, watano walikataa. Karatasi zikagongwa mhuri.

Katika kazi ya madarasa, kibarua mmoja alipondwa vidole viwili na jiwe la msingi. Asubuhi yake alikuja ofisini kwetu na karatasi yenye timazi. Hatukuzunguka mahali popote. Jioni ile ile tulikaa na mafundi wale, wakalipa hospitali na siku alizokosa kazini, na shauri likapelekwa kwa ofisa wa kazi kama sheria inavyotaka. Iliwauma. Mashine ya kuchanganyia zege waliyokuwa wakiiwekea fedha haikununuliwa mwaka ule. Wawili kati ya wale watano walitulaumu waziwazi. Nasi hatukuwaambia kwamba uadilifu hauna gharama. Tuliwaambia tu wamkumbuke yule mwenzetu wa magongo.

MAZOEA YA ZAMANI

Jambo hili si geni. Mamia ya miaka iliyopita, waashi waliojenga makanisa makubwa ya Ulaya walichonga kila mmoja alama yake juu ya jiwe alilolichonga. Msimamizi alihesabu mawe kwa alama zake, akamlipa mwenyewe. Na jiwe likiwa baya, ilijulikana ni la nani. Alama moja ilishika mambo mawili: haki ya kulipwa na wajibu wa kujibu. Siku hizi makampuni mengi hupenda alama ya kuuzia, lakini huikwepa alama ya kujibia.

Kwa hiyo wewe wa kiwandani na wewe wa shambani, tazama alama iliyo langoni mwako. Je, ipo pia juu ya karatasi yako ya mshahara? Ipo juu ya karatasi ya mwenzako aliyeletwa na wakala? Kama haipo, mwulize mwakilishi wako wa chama wiki hii, kabla hajaanguka mtu.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Chora mchangani alama ya kampuni unayoifanyia kazi. Umeikumbuka yote?
2. Katika sehemu yako ya kazi, ni nani wanaolipwa bila karatasi? Mwajiri wao ni nani?
3. Kama ungekuwa mmoja wa mafundi kumi na wawili, ungepiga kura upande gani? Eleza sababu bila kuogopa.