SOMO LA VIKUNDI: MAJI YA SHAMBA LETU YANAKWENDA WAPI?

Somo hili ni la kusomwa kwa sauti katika mkutano, mkiwa mmekaa duara, na mmoja wenu akiwasomea wengine pole pole. Msilazimishe kulimaliza siku moja. Tumelipanga kwa njia mliyoizoea: kuona, kuamua, kutenda.

KUONA

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita kikundi kimoja cha Ukambani kilitujia ofisini kikiomba msaada wa bwawa la mchanga, yaani ukuta wa mawe na simiti unaojengwa kukata mto wa msimu. Mto ukifurika huacha mchanga nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga, mbali na jua. Akina mama wa kikundi hicho walikuwa wakitembea saa mbili kwenda kuchota maji. Basi tulikubali haraka. Simiti ikaja, harambee ikafanywa, mawe yakabebwa kwa punda na kwa migongo ya watu, ukuta ukasimama. Padri akaja kuubariki.

Mvua ilipopita tulikwenda kuangalia. Nyuma ya ukuta hatukukuta mchanga. Tulikuta matope. Msimu wa pili matope yalijaa mpaka juu, na yalipokauka yakapasuka kama ugali uliosahauliwa sufuriani. Ukichimba, unapata unyevu tu, maji hayatoki. Mchanga mkubwa unaweza kuweka maji kama robo ya ujazo wake au zaidi, na ukayaachilia ukichimba kisima. Tope huyashika maji na haliyaachii. Akina mama wakaendelea kutembea saa zile zile mbili.

Tulisimama pale kimya kwa aibu. Kisha mama mmoja akainama, akachukua bonge la tope, akalivunja mkononi. Akasema, "Hii si udongo ya mto. Hii ni shamba yangu." Wengine wakacheka kidogo, halafu wakanyamaza.

Mama yule alituonyesha jambo ambalo sisi wenye vyeti hatukuliona. Tulikuwa tumeutazama mto, hatukuutazama mlima. Mashamba ya juu yalikuwa wazi, bila mitaro, bila majani, yamekanyagwa na mifugo. Mvua ikipiga, maji hayaingii ardhini. Yanateremka mbio, yanachukua udongo wa juu wenye rutuba, yanakata makorongo, yanafika mtoni yakiwa mekundu. Udongo uliokuwa wa kulisha mahindi ndio uliokuja kuziba bwawa.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Wapeni vijana wa shule kalamu.

Mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita 1 ya maji. Ekari moja ni karibu mita za mraba 4,000. Kwa hiyo mvua ya milimita 10 huleta katika ekari moja kama lita 40,000. Hiyo ni mitungi 2,000 ya lita 20. Mvua kubwa ya usiku mmoja, milimita 30, ni mitungi 6,000. Punda wako akibeba mitungi minne kila safari, angehitaji safari 1,500 kukuletea maji hayo.

Mungu ameyaleta mpaka mlangoni kwa usiku mmoja. Asubuhi yako wapi?

Tusiseme kwamba mvua ni nyingi. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 sehemu kavu za nchi yetu zilikosa mvua ya kutosha misimu mitano mfululizo, na mifugo mingi ilikufa. Lakini kumbukeni yaliyofuata. Mwishoni mwa 2023, na tena kati ya Machi na Mei 2024, mafuriko yaliua watu na kubomoa nyumba hapa hapa Kenya. Watu wale wale walilia ukame, kisha wakalia maji. Ardhi iliyo wazi na ngumu inatuumiza mara mbili: mvua ikikosa haina akiba, na mvua ikija haiwezi kuipokea.

Jaribio: Chukueni mitungi miwili ya maji. Mmoja mwageni pole pole juu ya njia ya ng'ombe au kiwanja kitupu. Mwingine mwageni kwa mwendo huo huo chini ya mti wenye majani mengi yaliyooza. Halafu chimbeni pote pawili kwa jembe. Kila mtu aseme alichokiona. Msiwaeleze kwanza, acheni waone.

KUAMUA

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, tunasoma habari za Isaka. Visima alivyochimba baba yake vilikuwa vimezibwa na Wafilisti. Kwa nini? Kwa wivu. Walivijaza udongo. Isaka akavichimba upya. Kisha akachimba kisima kingine, wachungaji wa mahali pale wakagombana naye. Akachimba cha pili, wakagombana tena. Hakuacha. Cha tatu hakikuwa na ugomvi, akakiita Rehobothi, kwa kuwa sasa palikuwa na nafasi. Nasi tujiulize: visima vyetu vimezibwa na nani? Hakuna Mfilisti huku kwetu. Tunavifukia wenyewe kila msimu tunapoacha mashamba wazi.

Wengine watasema, "Nchi hii ni kavu tangu zamani, na sasa watu wamezidi." Historia ya Machakos inatupa jibu. Katika miaka ya 1930 wakoloni waliiona Machakos kama nchi iliyokwisha kuharibika. Dawa yao ilikuwa nguvu: mwaka 1938 walichukua ng'ombe wa watu kwa lazima. Wakamba walitembea mpaka Nairobi kulalamika wakiongozwa na Muindi Mbingu, naye akakamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu. Amri za namna hiyo ziliwafanya wengi wachukie kazi ya kuhifadhi udongo.

Lakini baadaye watu walichimba wenyewe. Vikundi vya mwethya, wengi wao wakiwa wanawake, vilikwenda shamba kwa shamba na majembe. Watafiti waliochapisha kitabu juu ya jambo hili mwaka 1994 walieleza kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu wa Machakos, pamoja na Makueni ya leo, waliongezeka kama mara sita, kutoka karibu 240,000 hadi karibu milioni 1.4, na mmomonyoko wa udongo ukapungua. Watu waliongezeka na ardhi ikapona! Si kwamba shida ya maji imekwisha huko. Lakini wingi wa watu si lazima uwe laana. Mikono mingi ikikubaliana ni mali.

Neno kuu hapa ni kukubaliana. Katika kikundi tulichokitaja, shamba la juu kabisa lilikuwa la mzee mmoja ambaye si mwanachama. Alikataa kuchimba. Alisema, "Mbona nivunje mgongo ili nyinyi wa chini mpate bwawa?" Wengine walitaka kumpeleka kwa chifu. Mwenyekiti, naye ni mama, akasema hapana. Alikwenda kwake na kijana wa kufanya hesabu, wakakaa na kuhesabu mitungi. Mzee akaona kwamba maji yanayowafikia wa chini ni maji yanayomtoroka yeye. Hata hivyo hakukubali siku hiyo. Alikubali mwaka uliofuata, baada ya kuona mahindi ya jirani yamebaki kijani wakati yake yamekunja majani. Kikundi kikaamua kuanza kwake, mwethya wa siku tatu, bure. Tangu hapo ndiye anayewafukuza mbuzi wasipande kwenye mitaro.

KUTENDA

Kanuni ni moja: anza juu, maliza chini. Fuateni hatua hizi kwa mpangilio.

Hatua ya 1: Funika udongo. Msichome mabua baada ya kuvuna. Tandazeni kati ya mistari. Pandeni kunde au mbaazi pamoja na mahindi au mtama ili majani yafunike ardhi. Matone ya mvua yakianguka juu ya majani hupoteza nguvu na maji huingia pole pole. Tunajua mabua ndiyo chakula cha ng'ombe wakati wa kiangazi, kwa hiyo gawanyeni: sehemu kwa ng'ombe, sehemu kwa udongo. Mbolea ya boma irudi shambani.

Hatua ya 2: Pima usawa. Tengenezeni fremu ya herufi A: miti miwili yenye urefu wa mita 2 iliyofungwa pamoja juu, na mti wa tatu kuvuka katikati. Ning'inizeni jiwe kwa kamba kutoka juu. Simamisheni fremu, wekeni alama ardhini pale miguu ilipo, na alama pale kamba inapogusa mti wa katikati. Geuzeni fremu, kila mguu uwe mahali pa mwenziwe, wekeni alama ya pili kwenye mti. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Sasa tembezeni fremu kukata mteremko, mguu baada ya mguu, mkipigilia vijiti. Mstari utapinda pinda. Msiunyooshe kwa macho, maji hayadanganywi.

Hatua ya 3: Mitaro ya fanya juu. Chimbeni mtaro kufuata vijiti, upana futi 2 na kina futi 2. Udongo tupeni upande wa juu, ndiyo sababu ya jina lake. Acheni nafasi ya kama futi 1 kati ya mtaro na tuta ili udongo usirudi ndani. Juu ya tuta pandeni nyasi, kama nepia au makarikari, zishike udongo na zilishe ng'ombe. Sehemu kavu, fungeni ncha za mtaro ili maji yasimame na kuzama, lakini acheni njia salama ya maji kupita mvua ikizidi. Maji yasiyo na njia hubomoa kazi yote. Mteremko ukiwa mkali, mwiteni kwanza afisa wa kilimo.

Hatua ya 4: Mashimo ya kupandia. Mkulima mmoja wa Burkina Faso, Yacouba Sawadogo, alianza karibu mwaka 1980 kuchimba mashimo madogo wakati wa kiangazi katika ardhi iliyokuwa ngumu kama sakafu, na kuyatia samadi. Majirani walimwona kama amerukwa na akili. Samadi iliita mchwa, mchwa wakatoboa ardhi, maji yakaingia. Mtama ukaota, na miti ikaota nao. Alipata tuzo ya kimataifa mwaka 2018, na akafariki mwaka 2023.

Kwetu wengi huchimba shimo la mraba la futi 2 kila upande na futi 2 kwenda chini. Udongo wa juu wekeni kando, uchanganyeni na debe la samadi, urudisheni ndani. Shimo lisijae: acheni inchi 6 za kukusanya maji. Sehemu kavu pandeni mbegu 5 za mahindi kila shimo. Msichimbe hivi penye udongo mweusi wa mfinyanzi unaotuamisha maji. Na tuwaambie ukweli: kazi hii ni ngumu. Anzeni na robo ekari tu kila boma, wakati wa kiangazi. Msimu wa pili mtatumia mashimo yale yale.

Hatua ya 5: Ndipo bwawa. Bwawa la mchanga ni la mwisho, mlima ukishafungwa mitaro. Ukuta ukae juu ya mwamba, la sivyo maji yatapita chini yake. Mtafuteni fundi anayejua, na msisahau vibali.

Kikundi kile kilichimba mitaro kwa miaka mitatu kabla ya kujenga ukuta wa pili. Huo umeshika mchanga, na kisima kiko kando yake. Ule wa kwanza una matope hadi leo. Wamepanda ndizi na sukuma wiki juu yake. Kila tukipita tunaonyeshwa na kuchekwa kidogo, nasi tunastahili.

Jambo moja bado linatuumiza. Mjane mmoja wa kikundi hicho alichimba mitaro shamba lote. Shamba liliponona, shemeji yake akaja kusema ni lake. Katiba ya mwaka 2010 inataka ubaguzi dhidi ya wanawake katika mambo ya ardhi uondolewe, hata ule wa mila. Lakini mama yule hakuwa na karatasi yoyote. Kesi yake haijaisha. Kikundi kinamsindikiza kila anapoitwa, haendi peke yake. Kabla hamjainua jembe, ulizaneni: shamba hili ni la nani kwa maandishi?

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mvua kubwa ya mwisho iliondoka shambani kwako kupitia wapi? Iliingia kwa nani?
2. Nani yuko juu yetu na hajajiunga nasi? Tumeshawahi kumtembelea, au tunamlaumu tu?
3. Baada ya mavuno, mifugo ya nani hulishwa katika mashamba yetu? Tunaweza kukubaliana nini?
4. Kati yetu ni nani anayechimba ardhi ambayo anaweza kunyang'anywa? Kikundi kitamsaidiaje?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO: Panda mlima wenu pamoja, wazee, akina mama na vijana, mkianzia mtoni mpaka kileleni. Choreni ramani ardhini kwa kijiti, mwonyeshe maji yanapopita. Kisha chagueni shamba moja, la juu kabisa, mpange siku ya mwethya.

Mungu awabariki na ainyeshee kazi ya mikono yenu.